Kikapu cha Mashimba

Bariadi,
10 Julai 1994.

Mpendwa Veronica,

Nakusalimu: mwadila. Natumaini treni ilikufikisha Tabora salama na kwamba chuo kimekupa kitanda chenye godoro. Mimi, dada wa marehemu baba yako, ni mzima isipokuwa goti la kushoto. Jirani yetu Salu amepata mjukuu wa kike. Mzee Luhaga ameuza dume lake jeusi, na sasa anajuta kila asubuhi kwa sauti. Pamba imepasuka yote kwa pamoja, na mwaka huu hatuuzi kwa chama cha msingi peke yake. Wanunuzi binafsi wamekuja na malori na mizani zao. Barua hii inachukuliwa na Dastan, dereva wa lori mojawapo, ambaye ataitia posta Shinyanga. Kwa sasa yeye ndiye posta yetu.

Nije kwenye habari ya mwanao. Mashimba alilia siku nne baada ya wewe kuondoka. Siku ya tano hakulia. Anakunywa maziwa ya ng'ombe bila kutapika, na jino la pili limetokeza. Ana paji la uso la baba yako, kama alivyorithi jina lake.

Katika karatasi uliyoiacha mezani umeniuliza kama nitampeleka kliniki kila mwezi. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja na sikuchelewesha mahudhurio hata siku moja. Nitampeleka.

Picha yako nimeiona.

Ni mimi, shangazi yako,
Kornelia.


Tabora,
31 Julai 1994.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana ikiwa na harufu ya dizeli, nikajua imetoka nyumbani kweli. Mpe Salu hongera, na mwambie Mzee Luhaga asinunue dume jingine kwa hasira. Mimi ni mzima. Tuko sita chumba kimoja. Nilipopunguzwa kazi pale zahanati nililia, lakini sasa najifunza uuguzi wenyewe, si kufagia wodi. Wenzangu wananiita Mama Mashimba. Humu ndani jina hilo halina mtoto.

Shangazi, alilia siku nne tu? Nilisoma mstari ule mara nyingi. Sikujua kama ulikuwa unanipa pole au unanisomea matokeo ya mtihani.

Mkufunzi wetu wa malezi ametufundisha kwamba mtoto wa chini ya mwaka hana hesabu wala kumbukumbu, anaishi kwa tumbo lake. Wenzangu waliandika na kupita. Mimi nilifarijika. Kama ni hivyo, basi hajui kwamba sipo.

Hata hivyo nakuomba uitundike ile picha ukutani, pale anapolala, umwonyeshe kila asubuhi umwambie, "Huyu ni mama." Ni jambo la dakika moja tu.

Mwanao,
Veronica.


Bariadi,
4 Septemba 1994.

Mpendwa Veronica,

Nimechelewa kujibu kwa sababu Dastan aliharibikiwa gari njiani, akakaa huko siku tisa. Goti ni lile lile. Mjukuu wa Salu amebatizwa, na jina lake ni Precious. Nilimuuliza Salu maana yake, naye akasema maana yake ni kwamba wazazi hawakumuuliza yeye.

Mkufunzi wako ni mtu aliyesoma, nami sipendi kumpinga mtu asiyekuwapo. Lakini amekosea, na nitakueleza jinsi nilivyojua.

Unakumbuka tunavyochambua: pamba safi huku, na pamba fifi, ile yenye madoa ya mvua na wadudu, kule. Mashimba hukaa kwenye mkeka mbele yangu, ameegemea gunia. Siku moja nilikuwa na kikapu kilichojaa pamba safi, na fifi chache sana ambazo sikuwa nimeziondoa. Nilikuwa nazungumza na Salu. Uso wangu ulikuwa kwake, na mkono wangu unateka kikapuni bila kuangalia. Ikatoka nyeupe, ikatoka nyeupe, ikatoka nyeupe. Mtoto alitazama kidogo, akarudi kwenye vidole vyake vya miguu. Kisha zikatoka fifi tatu mfululizo. Aliacha vidole. Alizikazia macho zile fifi, akatazama kikapu, akazitazama tena, hata Salu akasema, "Mwalimu, huyu anakagua kazi yako."

Ningeweza kudhani kwamba anapenda rangi ya madoa. Kwa hiyo kesho yake niligeuza. Nilijaza kikapu fifi, nikatia nyeupe chache, nikamwonyesha, kisha nikafumba macho na kuteka. Salu ndiye aliyemwangalia mtoto na kuhesabu polepole. Fifi zilipotoka, Salu hakufika tano kabla mtoto hajageuza uso. Zilipotoka nyeupe mfululizo, mtoto alitazama mpaka kumi na nne. Basi si rangi.

Siku ya tatu nilifanya jambo jingine. Nilirudisha kikapu cha pamba safi, nikainama juu yake macho wazi, nikachagua fifi moja moja mbele yake. Hakushangaa hata kidogo. Anajua kwamba anayeteka bila kuangalia hupata kilicho kingi, na anayeteka akiangalia hupata anachokitaka.

Hajui moja wala mbili. Hata hivyo anajua kipi kinaelekea kutoka na kipi hakielekei, na kisichoelekea kikitoka, hukitazama muda mrefu. Wanafunzi wangu wa darasa la sita walihitaji muhula mzima kufika hapo, na wengine hawakufika.

Kwa hiyo usifarijike kwa maneno ya mkufunzi. Mtoto anahesabu kilichopo na kisichokuwapo. Nimeona ni haki ujue.

Wako,
Shangazi Kornelia.


Tabora,
9 Oktoba 1994.

Shangazi,

Shikamoo. Nina malaria lakini naendelea vizuri. Mvua huku bado.

Nilimpa mkufunzi barua yako. Aliisoma amesimama, akasema bibi yeyote huona maajabu kwa mjukuu wake. Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda kuoga ili nilie. Sikulia kwa sababu ya mkufunzi. Ni kwa sababu Salu, jirani, alikaa pale akahesabu mpaka kumi na nne, na mimi niliyemzaa nimeyasoma kwenye karatasi. Vidole vya miguu! Nilipoondoka hakuwa amevigundua.

Hukunijibu kuhusu picha.

Je, ameanza kusema neno lolote? Mtoto wa rafiki yangu, ambaye ni mdogo kwake kwa wiki mbili, ameanza. Nitakuja Krismasi, nina siku kumi.

Veronica.


Tabora,
8 Januari 1995.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Asante kwa karanga, kwa mchele, na kwa kunisindikiza mpaka kwenye basi ingawa goti lilikuwa linakuuma. Nilikuona ulivyolificha.

Nitakuambia jambo ambalo sikuweza kulisema mbele yako. Nilikuja nikiogopa. Siku ile ya kwanza nilipoingia mlangoni, Mashimba aliacha kijiko chake akanitazama. Hakulia, hakukimbia. Alinitazama hadi nikaona aibu, nikaficha uso kwa khanga. Nilipoifunua alikuwa bado ananitazama. Kila nilipotoka nikarudi ilikuwa hivyo hivyo. Na wewe, Shangazi, ulipoingia na bakuli la uji, hakuinua hata kichwa. Mungu anisamehe, nilifurahi, na nilifurahi zaidi kwa sababu uliona.

Mtoto humtazama ampendaye. Hilo halihitaji mkufunzi.

Kwa hiyo nimekata shauri. Mwaka wa pili tunaruhusiwa kupanga nje ya chuo. Nimepata chumba kwa mama mmoja Mnyamwezi mwenye wajukuu, ambaye atamwangalia Mashimba saa za masomo. Likizo ya Juni nitakuja kumchukua.

Mwanao mwenye furaha,
Veronica.


Bariadi,
19 Februari 1995.

Mpendwa Veronica,

Msimu wa ununuzi umekwisha, na malori yamekwisha nao. Wanunuzi binafsi hawatujui mpaka pamba ijayo. Barua hii inakwenda na gari la paroko. Tumepalilia mara mbili. Ng'ombe wa Mzee Luhaga aliingia shambani kwangu, nami nikamwandikia Mzee Luhaga barua, ingawa tunaonana kila siku.

Umeandika habari ya kumchukua mtoto. Nakukumbusha mambo ambayo huenda chuo hakifundishi. Baba wa mtoto hakutoa ng'ombe hata mmoja, akaenda kwenye machimbo, na hakuna aliyemsikia tena. Kwa desturi yetu mtoto ni wa ukoo wetu, wa mji wa baba yako, na mji huo ni huu ninaoufagia mimi. Huyo mama wa Tabora ni mtu wa nani? Atampa nini akiharisha? Umemwona mara ngapi?

Kuhusu jinsi mtoto alivyokutazama, nimesoma uliyoyaandika.

Mtoto ni mzima. Watu wanasema kwamba mwaka huu hawatachambua pamba, kwa kuwa wanunuzi wapya wanabeba safi na fifi katika gunia moja bila kuuliza. Mimi nitachambua.

Wako,
Shangazi Kornelia.


Tabora,
19 Machi 1995.

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari nyingi za huku. Watu wote ni wazima.

Jumapili baada ya misa nilizipanga barua zako kwa tarehe, kama ulivyonifundisha, nikazisoma tangu ya kwanza. Nilitafuta jibu la swali moja: kwa nini mtu anayejibu kila kitu, hata ng'ombe wa Mzee Luhaga, alijibu furaha yangu kwa neno "nimesoma". Jibu nililipata kwenye barua ya Septemba. Liliandikwa kwa mwandiko wako mzuri: kisichoelekea kikitoka, hukitazama muda mrefu.

Alinitazama kama fifi tatu zilizotoka kwenye kikapu cheupe. Wewe hakukutazama kwa sababu wewe ndiwe kikapu chenyewe. Ulikuwa umesimama pale na bakuli la uji na ulijua. Ulinisindikiza mpaka kwenye basi ukijua. Siku kumi nilikuwa najisifu kwa mwanangu kunishangaa, nawe ulikaa kimya kama msimamizi wa mtihani.

Nilijua una wivu. Mimi pia ninao, tangu siku ile ya vidole vya miguu. Lakini mimi niliuandika.

Umesema mtoto anajua tofauti ya anayeteka bila kuangalia na anayechagua. Mimi pia naijua sasa. Hukuteka bila kuangalia, Shangazi. Ulichagua mwanangu aone nini kila siku, na mimi hukunitia. Picha yangu iko wapi?

Veronica.


Bariadi,
30 Aprili 1995.

Veronica,

Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili za kwanza zilikuwa na hoja nzuri, nikazitia jikoni.

Picha yako ilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya madaftari yangu ya mahudhurio. Niliitia humo siku ile ile uliyoondoka. Nilijiambia kwamba itamliza mtoto. Hiyo haikuwa sababu.

Ulipouliza kama ameanza kusema, alikuwa ameanza. Tarehe 3 Oktoba alinishika sketi akasema "mayu", yaani mama, kama tusemavyo nyumbani. Alikuwa ananitazama mimi. Nimemsahihisha kila mtu maishani mwangu, Veronica, hata paroko kwenye mahubiri. Siku ile sikusahihisha. Wala hukulisikia neno hilo ulipokuja, kwa sababu siku zote kumi nilikuwa nampeleka kwa Salu mara anapofungua mdomo. Salu alinisema. Alisema, "Mwalimu, unaiba mchana kweupe." Hatukuzungumza wiki mbili.

Sikujaliwa mtoto. Unalijua, na katika nyumba yetu jambo hilo halitamkwi. Ninaliandika mara moja tu.

Na lile la mtoto kukutazama, ni kweli, nilijua tangu siku ya kwanza. Ningeweza kukueleza palepale mlangoni. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unafurahi, na pia kwa sababu sikutaka ujue la kufanya. Sababu zote mbili ni za kweli, lakini ya pili ndiyo iliyokuwa nzito.

Sasa nakueleza la kufanya. Mtoto hakukosea. Alihesabu sawasawa kile alichoonyeshwa. Kwa hiyo usimlaumu wala usimlilie. Likizo yako ya Juni ni wiki sita, njoo zote. Usikae ukimkumbatia mchana kutwa kama ulivyofanya Krismasi, maana kwake hiyo ni mara moja tu, hata kama ni ndefu. Ingia na utoke. Nenda kisimani urudi. Nenda sokoni urudi. Mlango ukifunguliwa, uwe wewe. Akiamka, uwe wewe. Uji umpe wewe, hata akiutema. Mimi nitashinda kwa Salu, ambaye amekubali kwa kicheko kisichonifurahisha. Kikapu hakigeuki kwa kukifokea. Hugeuka kwa kutiwa pamba nyingine, kidogo kidogo, mpaka iwe ndiyo nyingi.

Utajua umefika siku ile utakapoingia naye asiinue kichwa. Siku hiyo utaumia kidogo. Vumilia, maana ndiyo dalili.

Picha nimeitundika. Aliigusa puani.

Shangazi yako,
Kornelia.


Tabora,
20 Agosti 1995.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kimya cha mwezi mzima. Tumefika salama. Mashimba alitapika kwenye treni mara moja tu, juu ya kiatu cha mtu mkubwa, ambaye alisamehe. Mama mwenye nyumba anampenda na anamlisha kupita kiasi. Anatembea hadi uani peke yake. Mkufunzi amemwona akasema ni mtoto mchangamfu. Sikumwambia kwamba ndiye yule wa kikapu.

Nilifanya kila ulichoandika. Wiki ile ya tano, unakumbuka, niliporudi kisimani na ndoo, naye akaendelea kuchezea mfuniko wa sufuria bila kunitazama? Ulikuwa kwenye ua wa Salu, unachambua. Uliniona, ukainamisha kichwa. Niliumia kama ulivyosema, nikafurahi, na kisha nikakuonea huruma, jambo ambalo sikulitegemea.

Sasa nikueleze la huku. Nyumba hii ni ngeni kwake, na nadhani ameanza kuhesabu upya. Mlango ukifunguliwa anageuka upesi. Nikiingia mimi, ananitazama muda mrefu. Juzi alifanya zaidi: alinipita, akaenda mlangoni, akachungulia nyuma yangu kuona nani mwingine anakuja. Akasema, "Mayu?" Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshika mkate.

Nilikuwa na wivu siku tatu kabla ya kuandika hivi. Bado ninao. Lakini sitaki kuficha neno la mtoto sandukuni. Anakutazamia wewe, Sengi, shangazi yangu. Treni ya Jumatano ina nafasi. Njoo.

Mwanao,
Veronica.


Bariadi,
17 Septemba 1995.

Mpendwa Veronica,

Mwadila. Dastan amerudi barabarani, na barua zako zinafika tena zikinuka dizeli. Mzee Luhaga amenunua dume, jeusi vile vile. Precious wa Salu anatembea na kuangusha vitu. Nilipeleka pamba yangu mizanini, safi peke yake na fifi peke yake. Mnunuzi akacheka, akamwaga zote katika gunia moja mbele ya macho yangu. Mwakani nitachambua tena.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili barua yenye makosa ya nukta. Sehemu ya mlangoni nimeikariri.

Siji sasa. Usidhani ni goti. Nikija Jumatano nitatia pamba yangu kikapuni mwako kabla hujajaza, na kazi ya wiki sita itapotea. Ana miezi ishirini na miwili. Akifunguliwa mlango ule mara mia na ukawa wewe mara mia, ataacha kuchungulia nyuma yako. Endelea kuingia. Shika mkate au usishike, lakini ingia.

Nitakuja mwakani, baada ya mavuno. Wakati huo mlango utafunguliwa na nitakuwa mimi. Najua litakalotokea, kwa kuwa nililipima mwenyewe kwa siku tatu. Ataacha alichoshika, atanitazama kwa muda mrefu sana, na wewe utakapopita na bakuli la uji hataigeuza shingo yake.

Nakuomba jambo moja tu. Saa ile utakuwa umesimama pale, nawe utajua maana yake sawasawa na mimi. Usiseme neno. Niache nifurahi siku zangu kumi, kama mimi nilivyokuacha.

Picha yako ningali nayo ukutani. Nimeizoea.

Shangazi yako,
Kornelia.